Mwanamwema Ni Nani Wake?

Baraza yetu ya Mkunazini siku ile ilikaliwa na watu waliochoka. Tangu alfajiri, alipokata roho Sichana, dada yake Shaame seremala, tulikuwa pale mlangoni kwao tunakunywa kahawa ya Mmanga, mchuuzi wetu, na kungoja. Azikwe baada ya adhuhuri, kwa hivyo kabla ya adhuhuri aoshwe. Na wasia wake ulikuwa mmoja tu: aoshwe na Mwanamwema wa Vikokotoni, si mwengine. Kumwita Mwanamwema ilikuwa kazi ya Shaame, na Shaame ameinama tu, anakuna goti. Basi wenzake wakaanza kumtafutia njia. Yupo Mjaka, tunamwita Redio kwa sababu hakuna tangazo linalompita asilirudie. Yupo Muhiddin, tunamwita Kadhi, na maisha yake hajahukumu ila bao. Mwaka wa sitini na tisa huo, na mimi nilikuwa nimeshachoka na maneno yao tangu zama za siasa za vyama.

— Shaame: Nkimwita, nimwite kama nani? Si ndugu yetu yule.

— Redio: Mwite ndugu, bwana. Siku hizi sote ndugu. Mie tawini kwa chama Ndugu Mjaka, karani wa mchele Ndugu, na anayenitoa kwenye foleni naye Ndugu.

— Kadhi: Huo undugu wa foleni, yakhe. Maiti haoshwi kwa undugu wa foleni. Ndugu ni tumbo, au ziwa. Walinyonya pamoja?

— Shaame: Wamejuana washavunja ungo. Wanyonye nini?

— Kadhi: Aa, basi njia ipo. Kungwi wao si mmoja? Wamechezwa unyago nyumba moja. Waliofunzwa na kungwi mmoja hawafichani mwili.

— Shaame: Na mimi mwanamme ntajuaje ya ndani? Nipeleke salamu za unyago?

— Redio: Sema shoga yake, basi!

— Shaame: Neno lao hilo, wanaitana wenyewe. Mie halinikai mdomoni.

Mmanga akagonganisha vikombe vyake, akatutilia tena. Kahawa ilikuwa imeshaanza kupoa, na hakuna aliyelalamika.

— Mmanga: Mbona mnajisumbua? Walikuwa kikoa kimoja wale. Ijumaa hii wanakula kwa Sichana, Ijumaa ya pili kwa Mwanamwema. Masinia yalikuwa yakipita mbele yangu hapa, mie nnanusa tu.

— Kadhi: Kikoa kinakwisha watu wakishashiba.

— Redio: Na ngoma ya lelemama jee? Walicheza pamoja miaka. Wanawake arobaini, sare moja, kanga zote zimetoka jora moja. Hao si kikoa tena, hao ukoo. Ukoo wa jora!

— Kadhi: Na Mhindi aliyewauzia jora?

— Redio: Huyo mkwe wao.

Mmanga alitaka kucheka, akakumbuka mlango ulio nyuma yetu.

— Redio: Au twende tawini sasa hivi. Wamwandikie cheti: huyu ni dada wa marehemu. Muhuri ukishagongwa, nani atabisha?

— Kadhi: Na tarehe ya kuzaliwa?

— Redio: Tutaweka ya leo.

Hapo roho ilinipanda. Saa sita imeshapita, maiti yumo ndani, na wao wanazaa watu kwa muhuri.

— Mimi: Shaame, huna shida ya jina wewe. Waambie la sitini na moja.

Aliacha kukuna goti.

— Shaame: Mama alipokufa, Mwanamwema alikuja. Wanawake watatu nyuma yake, wamejifunika kanga za msiba. Mie nkasimama mlangoni. Nkamwambia, humu wanaingia ndugu tu.

— Kadhi: Kwa sababu?

— Shaame: Huijui sababu? Yeye chama kile, sisi chama hiki. Wakati ule tulikuwa hatuzikani.

Kadhi aliijua. Sote tuliijua. Mimi siku ile nilikuwa nimekaa hapa hapa barazani, na nilikunja miguu ili Mwanamwema apate njia ya kurudi. Hilo sikulisema. Mpaka leo linanitia haya.

— Redio: Na Sichana?

— Shaame: Alikuwa ndani, kasikia yote. Hakunigombeza. Miaka minane kanipikia, kanifulia, hajalitaja jina lile mbele yangu. Leo alfajiri ndio kanambia: Mwanamwema anioshe. Sasa nende nkamwambie nini yule mama, jamani? Niambieni!

Redio akatazama chini.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka Mwanakheir, mke wa mtoto wa Sichana, aliyeletwa mjini kutoka Kidichi mwezi uliopita tu, na mambo yetu hayajui. Mikono imerowa, ananukia kafuri.

— Mwanakheir: Shikamooni.

— Sote: Marahaba.

— Mwanakheir: Mjomba, tushamaliza. Keshavikwa sanda.

— Shaame: Kaoshwa? Kaoshwa na nani?

— Mwanakheir: Na Bi Mwanamwema. Yupo tangu saa mbili na wenziwe wanne. Wamepita mlango wa uani.

— Kadhi: Nani kamwita?

— Mwanakheir: Hakuitwa. Kasikia msiba, kaja.

Machozi yalimtoka Shaame, hakuyafuta, na sisi tukajifanya tunatazama vikombe.

— Mwanakheir: Sasa ananituma, mjomba. Anauliza, akae matanga na wenziwe, au atoke kabla watu hawajajaa? Nkamwambie nini?

Shaame alimtazama Kadhi, Kadhi akanitazama mimi, na mimi nikamtazama Mmanga, ambaye hayakumhusu. Msikitini adhana ikaanza, na nafikiri sote tulishukuru kupata la kuitikia.

Mwanakheir akangoja mpaka ikamalizika. Kisha akatuuliza tena.