Mama Chekeche na Moto wa Tanuri Langu

Ijumaa tarehe thelathini, Mama Chekeche anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu. Naandika mimi, fundi wa tanuri, kwa mkono wangu mwenyewe. Shule niliiacha mapema, lakini kazi hii nilijua hakuna anayenizidi. Mpaka wiki iliyopita.

Kazi ya Mama ni kuchekecha unga wa alumini na kuuchanganya na nyuzi za kaboni, nyembamba kuliko unywele, polepole zisikatike. Unga huo hukandamizwa kwenye kalibu, kisha unakuja kwangu, nauoka mpaka ushikane kuwa sahani moja. Sahani zinakwenda kwenye breki za malori. Ikivunjika moja, mtu anakufa. Kila mgeni nimemwambia siri iko kwenye moto wangu. Mama alikuwa akicheka tu, nami nikidhani ananikubali.

Jumatatu ya wiki hiyo nikamkuta anamfundisha dada anayempokea kazi.

"Mzee akishaweka moto, ngoja ageuke, uteremshe kidogo. Usimwambie, atanuna wiki nzima."

Nikajitokeza. "Tangu lini, mama wewe?"

"Tangu sahani zako kumi na mbili zivunjike kama biskuti, ukausingizia unga wangu. Moto wako unakula nyuzi, mzee wangu."

Hiyo ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita! Sikukubali, mimi si mtu wa kukubali kirahisi. Nikaoka sahani moja kwa moto wangu, nikailinda swichi ya tanuri kama askari, hata chai sikwenda kunywa. Ikatoka inang'aa. Tukaibana kwenye jiliwa, lile bano la chuma la mezani, mbele ya karakana nzima, nikaigonga kwa nyundo mwenyewe. Pwaa, vipande viwili. Nyingine, iliyookwa kwa moto wake, nikaigonga mpaka bega likauma. Ikapinda, ikagoma kuvunjika.

Sasa nikiona lori linashuka mlima, nawaza breki zake. Yote yale yalisimama salama kwa mkono wake, na sifa nimezila mimi.

Mama, asante. Jana nimeandika kiwango chako cha moto kwa rangi nyeupe ukutani kando ya tanuri, herufi kubwa, na chini yake nimeandika ni cha nani. Karakana yote inakuombea afya, usingizi mzuri, na wajukuu wasiokuchosha. Nenda kapumzike bila wasiwasi. Moto nimeuteremsha mwenyewe.