Swali la Mtaro: Maisha ya Mheshimiwa Docus Adyero, 1968–2025

Wazee wetu, viongozi wa dini, waheshimiwa wabunge, majirani wa Mbuya na ninyi mliopanda kilima kutoka Kisenyi asubuhi hii, familia imemtuma Olal, mdogo wa marehemu, awasomee safari ya dada yake, na anaomba mvumilie pale sauti itakapomkatika.

Docus Adyero alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Agosti 1968, katika nyumba za askari hapa Mbuya, akiwa mtoto wa kwanza wa Sajini Okwir na mama Santa, waliotoka kaskazini kwa ajili ya kazi ya jeshi, na Kiswahili cha kambini ndicho kilichomlea kabla hajajua Kiingereza. Alisoma shule ya msingi hapa hapa Mbuya kuanzia mwaka 1975, na ingawa vita vya mwaka 1979 vilimrudisha nyuma mwaka mzima, na baba yake hakurudi kutoka vita hivyo, alimaliza, akaenda sekondari Mengo kuanzia 1983 hadi 1988, akitembea kwa miguu kwenda na kurudi.

Baada ya mafunzo ya ukarani, tarehe 2 Septemba 1991 aliajiriwa Bungeni kuandika kumbukumbu rasmi za mijadala, kazi ya kukaa na vidude masikioni na kupiga taipu kila neno lililotamkwa ukumbini, kikohozi tu ndicho kilichoachwa, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka ishirini na minne. Mawaziri walikuja wakaondoka, yeye akabaki na maneno yao. Alipoulizwa na mama Santa ni kitu gani kilichomtoa kwenye kiti kizuri kama kile akaingie kwenye siasa, alijibu, "Mama, nimeandika ahadi za watu mpaka vidole vimekauka, sasa nataka kusimama niwaulize."

Aliolewa Jumamosi, tarehe 11 Desemba 1993, na Bwana Tarcisio Oyet, askari wa polisi, katika kanisa katoliki hapa Mbuya, wakajaliwa watoto wawili, Babra, aliyezaliwa 1995, na Travis, aliyezaliwa 1998.

Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge, na watu wa Kisenyi walimpa kura nyingi kuliko mtaa wake mwenyewe, akapangwa kwenye kamati inayofuatilia ahadi za serikali, mahali ambapo wenzake wengi hawakupataka.

Jumamosi, tarehe 14 Aprili 2018, mvua ilinyesha kuanzia saa nane mchana, na mtaro mkubwa unaopita nyuma ya magereji ya Kisenyi ukafurika ukawa sawa na barabara. Zuleika, fundi cherehani wa miaka ishirini na minne, alikuwa akirudi nyumbani, akakanyaga alipodhani ni njia. Mwili wake ulipatikana baada ya siku mbili. Mama yake, Bibi Kaltumi, muuza chai, ambaye yuko nasi hapa leo na amekaa na familia, alimfuata Adyero hadi ofisini akiwa na kiatu kimoja cha binti yake ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, akakiweka mezani, akakaa.

Jumanne, tarehe 8 Mei 2018, Adyero alisimama Bungeni kwa mara ya kwanza juu ya jambo hilo, akasoma jina la Zuleika, akaitaka serikali iseme ni lini mtaro ule utafunikwa kwa zege, na waziri aliyehusika akasimama, akatoa pole kwa familia, akaahidi kwamba kazi itakamilika kabla ya mvua za mwaka unaofuata. Bibi Kaltumi alikuwa juu, kwenye viti vya wageni. Wengine waliokuwa karibu naye walipiga makofi.

Mvua za mwaka uliofuata zilichukua watu wawili. Adyero alisimama tena, akafungua kumbukumbu rasmi, akamsomea waziri maneno yake mwenyewe pamoja na tarehe na ukurasa, na waziri akashukuru kwa kukumbushwa, akaahidi upya. Ikawa hivyo mwaka hadi mwaka, waziri akabadilishwa, akaja mwingine, naye akabadilishwa, na kila mmoja alisema amekuta jambo hilo mezani na analishughulikia. Siku moja Spika alimwambia, "Mheshimiwa, swali hili limeshajibiwa." Adyero akasema, "Limejibiwa mara nne, Mheshimiwa Spika, ila mtaro haujafunikwa." Ukumbi ulicheka, na wapo waliodhani alitaka wacheke.

Mwezi wa Septemba 2022 aliacha kungoja, akavaa gambuti, akaenda na mafundi wa magereji wakachimbia nguzo na kufunga kamba ukingoni, kuanzia msikitini hadi kwenye maduka ya jumla. Siku ya nne lilikuja lori la wakuu wa jiji, likang'oa nguzo zote, kwa kuwa hazikuwa na kibali. Bibi Kaltumi alimkuta amesimama pale akitazama mashimo, akamuuliza, "Kwa hiyo Mheshimiwa, kazi yako ni kuuliza tu?" Adyero akamjibu, "Ni kuuliza tu, Bibi. Sina kingine." Jioni ile alimwambia Tarcisio maneno hayo, akaacha chakula, na mumewe anasema hakujua amfariji vipi, maana yalikuwa kweli.

Hata hivyo hakuacha. Mara kumi na saba swali lile liliingia ukumbini, na watu kumi na mmoja majina yao yakasomwa kwa sauti yake, yakaandikwa na makarani waliokaa kwenye kiti alichokiacha.

Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, akitoka ukumbini, alianguka kwenye ujia, akakimbizwa hospitali Mengo, na madaktari wakasema ni kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, na sauti ikaenda. Akili ilibaki nzima, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi sisi tuliomuuguza, kwa kuwa macho yake yalikuwa na la kusema na sisi hatukuweza kulitoa.

Jumatano, tarehe 26 Februari 2025, mwenzake, Mheshimiwa Abdu Ramathan, alilisoma swali kwa niaba yake, nasi tukamkalisha mbele ya televisheni. Waziri akamtakia afya njema, akaahidi kabla ya mvua. Tarcisio alitaka kuzima, Adyero akamshika mkono kwa ule wa kushoto, akasikiliza hadi mwisho.

Mvua za Aprili zilimchukua mtu wa kumi na mbili. Tulikubaliana asiambiwe, Olal akaficha magazeti chini ya godoro, tukazima redio. Lakini Bibi Kaltumi alikuja kumwona kama kawaida yake, akakaa kitandani, na Adyero akamkazia macho muda mrefu, mpaka bibi akainamisha kichwa, akasema, "Imeenda na mwingine, Mama. Mwanamke, anaitwa Alanyo." Adyero alijaribu kulitaja jina lile. Alijaribu mchana kutwa. Ilitoka herufi ya kwanza tu.

Jumapili, tarehe 11 Mei 2025, saa tatu asubuhi, alipatwa na kiharusi cha pili, akafariki akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Ameacha mume, watoto wawili na mama yake mzazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mengo, hasa yule dada aliyekuja kila wiki kumfundisha kutamka upya, majirani waliotupikia, mafundi wa Kisenyi waliofunga gereji leo, waheshimiwa wenzake wa vyama vyote, na makarani wa kumbukumbu rasmi walioleta maneno yake yote yamefungwa kwenye majalada. Tuliombwa tuseme hapa kwamba ameikamilisha kazi yake. Hatuwezi kusema hivyo. Aliuliza, na tunaomba mtuwie radhi kwamba hatuna jibu la kumpa aondoke nalo.

Dada yetu Adyero, umechoka, pumzika kwa amani.