Maxine Stiltner, Mkunga wa Majimbo Sita

Maxine Ruth Stiltner, tunayemlaza leo Jumamosi, tarehe 17 Februari 2024, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966 hapahapa Laurel Gap, Kentucky, mtoto wa kwanza wa marehemu Virgil na Eula Hagerman. Alipokuwa na miaka kumi, theluji ilifunga barabara mama yake akiwa na uchungu, na bibi yake akamwambia aache kulia, anawe mikono, ashike taulo. Mtoto aliyempokea siku ile ni mdogo wake Opal, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayeusoma. Mchungaji alimwomba Opal aandike kwa upole. Amejaribu.

Marehemu alimaliza sekondari hapa mwaka 1984, akasomea uuguzi Lexington, kisha ukunga, na mwaka 1992 akafaulu mtihani wa taifa. Mtihani huo ni mmoja kwa nchi nzima. Tafadhali wasikilizaji walikumbuke hilo.

Alizalisha wanawake wa bonde hili kwa miaka minne. Tarehe 11 Juni 1994 alifunga ndoa na Dewey Stiltner, askari wa nchi kavu, mtu mpole anayecheka taratibu. Walijaliwa watoto wawili, Corinne na Wade. Mwaka 1996 ikaja barua ya kwanza ya uhamisho, na Maxine akafungasha.

Kuanzia hapo hadi 2018 alihamia majimbo matano zaidi, na kila jimbo lilimtazama kama mtu aliyeokotwa njiani. Kila bodi ya leseni ilitaka vyeti vyake upya, vikiwa vimegongwa mhuri na chuo, na barua kutoka kila bodi iliyotangulia. Kila bodi ilichukua alama za vidole vyake, vidole vilevile kumi, kana kwamba vinabadilika mtu akivuka mpaka. Dewey alivuka mipaka hiyohiyo akiwa na bunduki, na hakuna aliyemwuliza kama bado anajua kulenga. Mara mbili leseni ya Maxine ilifika wakati masanduku ya kuhama tena yameshajaa sebuleni. Katika miaka ishirini na miwili alifanya kazi yake kwa miaka saba tu. Iliyobaki aliuza viatu, akapanga vitabu maktaba, akajibu simu kwenye kliniki ya meno. Hilo linamkera Opal mpaka leo na hataki kulificha.

Familia za jeshi zinajua kwamba wafungashaji wanaotumwa siku ya kuhama hufunga chochote wanachokikuta, hata pipa la taka pamoja na taka zake. Kwa hiyo kitu cha thamani huwekwa ndani ya beseni la kuogea na mlango wa bafu hufungwa. Faili la kijani la Maxine, lenye vyeti vyote, lililala humo kila walipohama. Mwaka 2006, Maxine akiwa amempeleka Wade hospitali, Dewey aliweka bafuni sare na nishani zake, akaliacha faili juu ya meza ya jikoni. Faili likafungashwa, likakaa ghala la jeshi miezi kumi, na bila hilo Maxine hakuweza kuomba leseni. Dewey mwenyewe ndiye aliyetaka hili lisomwe mbele za watu.

Ni katika jimbo walilohamia safari hiyo, ambalo familia imekataa kulitaja kwenye karatasi ya msiba, kwamba jirani yake kambini alishikwa na uchungu mwaka 2007, mume wake akiwa vitani na gari la wagonjwa likiwa halijafika. Maxine alinawa mikono. Mtoto alizaliwa salama kwenye sakafu ya jikoni, na mama yake akamwandikia Maxine barua ya shukrani, akatuma nakala kwa bodi akidhani anamsaidia. Bodi ilimfungulia Maxine uchunguzi wa miezi saba kwa kuzalisha bila leseni. Alipoulizwa kwenye kikao angefanya nini siku nyingine, alijibu, “Ningefanya vilevile. Nyie mngemwambia mtoto asubiri?”

Sheria mpya ilitoka mwaka 2023, ikitaka leseni ya mwenzi wa mwanajeshi itambuliwe kila anakohamishiwa. Dewey alikuwa amestaafu miaka mitano kabla, na walikuwa wamesharudi hapa Laurel Gap. Maxine alisoma habari hiyo gazetini, akalikunja, akaenda kumwagilia nyanya zake. Oktoba mwaka huohuo aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliugua nyumbani bila kulalamika, jambo ambalo Opal alimlaumu kwalo, na alifariki asubuhi ya tarehe 11 Februari, Dewey akiwa amemshika mkono.

Dewey ana haki ya kuzikwa makaburi ya maveterani pamoja na mkewe. Alikwenda na Opal kuandikisha. Karani, mtu mwema tu, aliwaonyesha maneno ya jiwe: jina, tarehe, mke wa Sajenti Meja Stiltner. Dewey akauliza kama linaweza kuongezwa neno moja, mkunga. Karani akasema inawezekana, ajaze fomu, asubiri kibali.

“Kibali,” alisema Dewey. Akamrudishia fomu yake.

Nje, Opal alimkumbusha, “Shemeji, ukimzika kwetu utakosa kulala na wenzako.”

“Alinifuata mara tano bila kuulizwa,” alisema Dewey. “Safari hii mimi ndiye namfuata.”

Marehemu ameacha watoto wawili, mjukuu mmoja, mdogo wake Opal, na Odessa Tillery, yule wa sakafu ya jikoni, ambaye leo ana miaka kumi na sita na amesafiri kwa basi kuja kusimama nasi. Ameacha mume, Dewey, ambaye ameshachukua nafasi iliyo kushoto kwake makaburini hapa, na amemwagiza mchongaji aandike kwenye jiwe la Maxine jina lake, tarehe zake, na neno mkunga. Faili la kijani limo ndani ya jeneza, Dewey amelilaza chini ya mikono ya Maxine.

Apumzike Maxine wetu. Hapa kwao hakuna wa kumdai leseni.