Mchumi wa Stoo ya Magodoro

Bwana Phares Otiende, karani mkuu wa stoo, anastaafu tarehe 31 Julai 1987 baada ya kuitumikia Kampuni ya Magodoro ya Tuliza kwa miaka ishirini na tisa. Ofisi iliiomba Kamati ya Ustawi ya Wafanyakazi iandike wasifu mfupi na wa furaha kwa ajili ya programu ya sherehe. Ufupi umetushinda. Kwa upande wa furaha tumejitahidi.

Aliajiriwa mwaka 1958 kama kibarua wa kujaza pamba. Siku hizo mjazaji alirudi nyumbani akiwa mweupe kichwani, na inasemekana watoto wa mtaani kwake Maringo walimwamkia Otiende "Shikamoo babu" kabla hajafikisha miaka thelathini. Alikuwa na cheti cha sekondari, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika chumba cha pamba, na mwaka 1963 akahamishiwa stoo. Alionekana anafaa kwa sababu aliweza kuandika jina la bidhaa moja kwa tahajia ileile wiki nzima.

Angeweza kuzeekea hapo kwa amani kama Bwana Johnson Ndung'u asingekuja kuwa meneja mwaka 1971. Bwana Ndung'u alitukusanya chini ya paa la upakiaji na kututangazia kwamba kampuni itakuwa na Idara ya Mipango, na kwamba atakayekalia kiti cha Mkuu wa Mipango lazima awe na digrii, hasa ya uchumi. "Kampuni hii sasa itaongozwa na vichwa," alisema, "si mabega." Alisema hayo akiwatazama wapakiaji, nao wakapiga makofi kwa sababu walidhani wamesifiwa.

Otiende hakupiga makofi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, na tangu asubuhi ile kiti hicho hakikumtoka akilini. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa amejiandikisha kusoma masomo ya kidato cha tano na sita kwa posta, na kila jioni alipitia maktaba ya Makadara kabla ya kwenda nyumbani.

Uchumi ulimwingia vibaya. Kwanza aliuingiza katika chai yetu ya saa nne. Alipendekeza igawiwe kulingana na mahitaji, mwenye kiu kubwa zaidi anywe kwanza. Siku iliyofuata idara nzima ilikuwa na kiu kubwa zaidi, birika likapinduliwa, na tukarudi kwenye foleni. Kisha akaupeleka soko la Burma, ambako alimweleza muuza nyama kwamba bei ya kweli ni pale mahitaji na ugavi vinapokutana. Muuza nyama, kisu mkononi, akamjibu, "Omera, ndugu yangu, vikutanie huko nje. Hapa ni pa kununua."

Mkewe, Mama Benta, ambaye ana kibanda cha chakula karibu na soko hilo, naye alikuwa na msimamo wake kuhusu nadharia. "Baba Benta," alimwambia mbele ya wateja, "soma mpaka uchoke. Lakini usiniletee ugavi nyumbani. Nyumbani ugavi ni mimi."

Mwaka 1974 aliomba kwa mara ya kwanza kuingia Chuo Kikuu, kwa utaratibu wa watu wazima. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza, kama tunavyojua, hutumia neno moja kwa hamu na kwa riba. Penye swali la intresti yake katika uchumi, Otiende, ambaye wakati huo alikuwa katika kamati ya mikopo ya chama chetu cha akiba, aliandika bila kusita: asilimia moja kwa mwezi, kwa salio linalopungua.

Haki lazima itendeke hapa. Kosa hilo halikuwa lake peke yake. Kabla ya kuituma fomu aliisoma kwa sauti stoo nzima, na hakuna aliyeona tatizo. Wengi wetu tulisema kiwango hicho ni cha haki. Dereva wetu wa lori, Bwana Mbuthia, alimshauri apunguze kidogo ili Chuo kivutiwe.

Chuo kilivutiwa. Kilimwita kwa mahojiano. Aliporudi alitueleza kwamba wahadhiri watatu walimpokea kwa heshima kubwa, na mmoja wao, akiwa ameziba mdomo kwa kitambaa, akamuuliza wadhamini wake ni nani. Otiende alimjibu kwamba ni mke wake na shemeji yake Zedekiah, ambaye ana kazi ya kudumu reli. Wahadhiri wakaomba wapumzike kidogo. Hawakumchukua mwaka huo, ila walimwambia amalize mitihani ya kidato cha sita arudi, kwani wangependa kumwona tena.

Alifaulu mitihani hiyo mwaka uliofuata, na 1976 akaomba mara ya pili. Penye swali lile aliandika kwamba ana hamu kubwa. Mbuthia alilalamika kwamba jibu hilo halina hata nambari moja, lakini Chuo kikamkubali.

Ndipo alipokwenda kwa Bwana Ndung'u kuomba likizo ya miaka mitatu bila mshahara. Wengi tuliokuwa karibu tulisikia jibu, kwa kuwa mlango wa meneja haujawahi kufungika vizuri. "Nenda, Otiende, nenda ukasome!" alisema Bwana Ndung'u kwa sauti iliyofika hadi uani. "Kiti kitakungoja." Otiende alitoka mle akitabasamu kama bwana harusi. Kwa ahadi hiyo ya maneno mawili aliuacha mshahara, na nyumba yake ya Maringo ikabaki mgongoni mwa Mama Benta, ambaye alianza kuamka mapema zaidi na kuongeza matumbo kwenye orodha ya vyakula.

Hatuwezi kueleza mengi kuhusu maisha yake Chuoni, maana aliyoyaeleza mwenyewe hatukuyaelewa. Tunajua kwamba wanafunzi wenzake walimwita Mzee na kumwachia kiti cha mbele. Tunajua pia kwamba Chuo kilipofungwa kwa ghasia za wanafunzi, wenzake walikwenda kwao kupumzika, naye akaja hapa kupakia magodoro kama kibarua. Mbuthia alimwona juu ya lori na kupiga kelele, "Profesa! Kumbe mabega bado yanatakikana!" Otiende alicheka, akamtupia godoro.

Alihitimu mwaka 1979, digrii ya uchumi, daraja la pili. Mama Benta alifunga kibanda siku hiyo, jambo ambalo hata Krismasi haijawahi kuliweza.

Jumatatu yake, Otiende alikuja kazini amevaa suti na kwenda moja kwa moja Idara ya Mipango. Kitini alimkuta Bwana Naftaly, kijana mchangamfu, mpwa wa mke wa mkurugenzi, aliyekuwa amekikalia tangu 1977. Bwana Naftaly alikuwa na leseni ya kuendesha gari na cheti cha huduma ya kwanza. Alimkaribisha Otiende vizuri sana na kumwomba akae, lakini kiti kingine hakikuwapo.

Otiende akaenda kwa meneja. Mlango, kama kawaida, haukufungika. Alisema kwa upole kwamba aliahidiwa kiti kitamngoja. "Na kimekungoja," akajibu Bwana Ndung'u. "Nilisema kitakungoja, Otiende. Sikusema kitakungoja kitupu."

Siku hiyo stoo hakuna aliyetania. Otiende alivua koti la suti, akalitundika kwenye msumari, akavaa la kaki na kuuliza nani ameweka nyuzi mahali pa vitambaa.

Baada ya hapo ripoti za Idara ya Mipango zikawa nzuri ghafla. Hadi hapo zilikuwa ukurasa mmoja uliosema mwaka ujao utakuwa bora. Sasa zilikuwa na sura, majedwali na mashaka ya busara. Kila mtu alijua zinakotoka, kwa sababu Bwana Naftaly hakujificha. Alishuka stoo na karatasi zake akisema, "Mzee wangu, hebu zitie hizi uchumi kidogo," kana kwamba uchumi ni chumvi. Otiende alizitia. Mbuthia alikasirika hadi akamuuliza mbele yetu kwa nini anamshonea mtu mwingine suti ya kuvaa kwenye harusi ambayo ilikuwa yake yeye Otiende. Otiende hakuinua kichwa. "Nisipoandika," alisema, "nitasahau."

Hapa lazima tuitaje mashine. Katika ripoti ya 1983 Otiende alieleza mnyumbuko wa mahitaji, yaani jinsi wanunuzi wanavyopungua bei inapopanda. Bwana Naftaly aliisoma mbele ya wakurugenzi, na alipoulizwa mnyumbuko ni nini, alifafanua kwa mikono yote miwili kwamba godoro jema likikaliwa hushuka, na ukiinuka hurudi juu. Wakurugenzi waliona hoja ina uzito. Waliagiza kutoka ng'ambo mashine ya kupima mnyumbuko. Ilipofika, wa kuipokea alikuwa karani wa stoo. Otiende aliizunguka mara moja, akaweka sahihi, akaifunika gunia. Bado ipo. Wageni huonyeshwa.

Mbali na hayo, Bwana Otiende ameacha stoo isiyovuja, isiyoungua na isiyo na panya, vitu vitatu ambavyo idara nyingine haziwezi kuvitaja kwa pamoja. Amewafundisha jioni, bila malipo, watoto wa wafanyakazi wanaosoma uchumi, na watatu wao wameingia Chuo. Kila mmoja alionywa mapema kuhusu neno intresti.

Mwezi uliopita ofisi ilitangaza nafasi yake. Tangazo liko mlangoni, kila mtu anaweza kulisoma. Anatakiwa karani wa stoo, mwenye bidii, na awe na digrii ya uchumi. Tulipouliza kwa nini, tuliambiwa kwamba ofisi ilinakili tu sifa za mtu anayeondoka. Kwa hiyo leo katika Kampuni ya Tuliza huwezi kuhesabu nyuzi bila digrii, ila kupanga mipango unaweza. Waombaji wenye digrii walikuja, wakaona mshahara, wakatuaga kwa adabu.

Ndipo Bwana Naftaly alipoingiwa na wasiwasi wa kweli. Alimwomba Bwana Otiende abaki kwa mkataba hata mpaka ripoti ya mwisho wa mwaka itoke. Otiende alimshukuru na kumweleza kwamba ana mwajiri mpya. Mama Benta anapanua kibanda kiwe hoteli ndogo, na amekwisha kumpa masharti. "Digrii itaanza na sufuria," amesema. "Ikizijua sufuria, tutaongea bei."

Limebaki jambo moja. Wiki iliyopita Bwana Ndung'u, ambaye kwa haki kabisa tuseme alikuwa na nia njema, alishuka stoo mwenyewe na kupendekeza kwamba Bwana Otiende apigwe picha kwa ajili ya programu hii akiwa amekalia kiti cha Mkuu wa Mipango. Alisema itapendeza, na watoto wake wataitundika ukutani. Bwana Naftaly alikubali kusimama kwa muda. Mpiga picha alikuwa tayari. Kiti kilikuwa kimepanguswa.

Tulimtazama Otiende. Miaka kumi na sita alikuwa amekitaka kiti hicho, na sasa alichohitaji ni kuvuka ua tu. Alifunga daftari, akasimama, akamshika meneja mkono. "Asante, Bwana Meneja," alisema. "Lakini kiti cha kupigia picha kipo studio pale Burma. Hicho chenu kina mwenyewe." Kisha akamwomba asogee kando kidogo, kwani alikuwa amesimama mahali pa vitambaa.

Kwa sababu hiyo ukurasa huu hauna picha.

Bwana Otiende, asante kwa miaka uliyotupa, kwa watoto uliowafundisha, na kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kuujua uchumi na bado akatugawia sabuni yetu ya kila mwezi kwa haki. Mama Benta, asante kwa kutuazima mume wako mchana. Tunawatakia afya na wateja wanaolipa, na Mungu awajalie miaka mingi ya kukaa mnapopenda wenyewe.

Kamati ya Ustawi ya Wafanyakazi