Miezi Mitatu Tuliyomficha Mwanabaraka

Bismillahi. Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Kiongoroni, wengine kwa boti ya asubuhi kutoka Nyamisati, assalamu alaykum. Mimi ni Abdulkarimu Mahamudu, mdogo wa marehemu. Sisi si watu wa kusoma makaratasi msibani, hilo nalijua, na shehe amenipa dakika chache tu kabla jeneza halijanyanyuliwa. Nasoma kwa sababu marehemu aliagiza. Tangu jana sijalia. Nimekufa ganzi, kwa hiyo nitasoma kama nilivyoandika.

Marehemu Mwanabaraka binti Mahamudu alizaliwa hapahapa tarehe 4 Juni 1967, wakati huo wilaya yetu ikiwa bado Rufiji. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa marehemu mzee Mahamudu Abdulhalim na marehemu bibi Zena.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1975 hadi 1981. Kwenye hesabu aliwapita wavulana wote, na haikumsaidia kitu, maana baba alishaamua kwamba atakayeendelea na masomo ni mimi. Sare yangu ya sekondari ilitokana na mpunga alioulima yeye. Hakuwahi kunisimanga hata siku moja. Afadhali angenisimanga.

Tarehe 12 Septemba 1988 aliolewa na Mashaka, mkata mikoko, mtu mpole ambaye wengi mnamkumbuka. Walijaliwa watoto wawili: Salwa, aliyeko ndani na kina mama, na mmoja aliyetangulia akiwa na siku tisa. Mashaka alifariki mwaka 2011. Walioleta posa baada ya hapo walijibiwa kwamba mwenye nyumba yupo shamba.

Na kweli alikuwa shamba. Alilima mpunga zaidi ya miaka arobaini, na msimu wa kulinda ndege alihamia kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, akateremka mpunga ukishavunwa. Mwaka mmoja alikuja bwana shamba mgeni, akasimama ndani ya boti na viatu vyake vya ngozi, akaanza kuwafundisha watu kupandikiza. Dada akamwambia, "Wee baba, mpunga gani unapandwa kwa mdomo? Vua viatu ushuke." Akashuka, akazama hadi mapajani. Dada ndiye aliyemvuta, akamlisha wali na kamba, na tangu hapo yule bwana alikuja kila mwaka peku.

Sasa ugonjwa. Marehemu alisema, "Karimu, usije ukasoma kwamba niliugua kwa muda mrefu. Kila mtu anaugua kwa muda mrefu. Taja." Nataja. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Iligundulika tarehe 11 Machi 2024, siku moja kabla ya mwezi mtukufu, katika hospitali moja ya Dar es Salaam, ikiwa imeshafika kwenye kibofu. Daktari aliniita pembeni kama ndugu wa mgonjwa. Alisema mionzi ingepunguza kuvuja kwa damu na maumivu, lakini ugonjwa usingeondoka. Kisha akauliza, "Mgonjwa mwenyewe anasemaje?"

Nikamjibu, "Atakayesema ni mimi."

Wanaume wa ukoo tulikaa kikao Kibiti, nyumbani kwangu. Baba mdogo Doto alisema mgonjwa haambiwi jambo kama hilo, atakata tamaa. Wote tukakubali, na mimi nilikubali wa kwanza. Tukaamua apelekwe kwenye mionzi, akae Mbagala kwa jamaa, aambiwe ana kidonda cha tumbo. Baada ya Idi nikampeleka. Siku moja kwenye foleni aliniuliza, "Na hawa wenzangu wote wana kidonda?" Nikasema ndiyo.

Mpunga wake ukaiva akiwa Mbagala. Tulikwenda watu kumi na wanne, tukauvuna kwa siku tatu. Mnajua desturi yetu: anayekuvunia huondoka na pakacha lake la mpunga, ni haki yake, na hakuna anayeliacha isipokuwa shamba ni la marehemu. Sisi kwa huruma tuliyokuwa nayo kila mtu aliliacha. Tulijiona watu wema kwelikweli. Nikapanda basi hadi Mbagala kumpa habari njema kwamba mpunga wote umeingia ndani, haukupungua hata konzi.

Alikuwa anapepeta choroko. Akauliza, "Hata Semeni hakuchukua pakacha lake?"

"Hata Semeni."

"Semeni huyu jirani yangu, anayerudi kuokota masuke?"

"Hakuchukua, dada."

Akaweka ungo chini. "Karimu, kwani mie nimeshakufa?"

Nikamwambia yote. Hakulia. Alisema, "Nusu nilikuwa najua. Nusu nilikuamini wewe." Halafu akasema maneno ambayo aliniagiza niyasome mbele yenu: "Mngeniambia Machi, labda ningeikubali hiyo mionzi. Labda ningekataa, nikakaa kwangu nikala mpunga wangu mpya. Sasa hatutajua kamwe, maana hamkuniuliza. Miezi mitatu natazama ukuta wa nyumba ya watu."

Kesho yake alitaka kurudi kwa daktari, na akaingia yeye. Mimi nilikaa kwenye benchi nje. Alipotoka alisema uamuzi wake: anarudi Kiongoroni, hataki mionzi mingine, atatumia dawa ya maji ya maumivu, mofini, itakayochukuliwa hospitali huku kwetu. Baba mdogo Doto alipiga simu akafoka kwamba watu watasema tumemtelekeza. Dada akaichukua simu mkononi mwangu. "Waseme, baba mdogo. Anayeumwa ni mie."

Alirudi tarehe 13 Julai 2024. Salwa alifundishwa kumpimia dawa kila baada ya saa nne, na mimi kazi yangu ikawa kuleta chupa. Sitawaambia kwamba ulikuwa ugonjwa mwepesi. Alivuja damu, alinuka, na alijua kwamba ananuka, akawa anafukiziwa udi kabla wageni hawajaingia. Mwezi Novemba nilichelewa na chupa siku mbili, boti ikakwama maji ya bahari yalipokupwa. Siku hizo mbili Salwa anazijua, mimi nazisikia tu. Lakini aliletewa mpunga wake, akaonja wali wake, akachagua mbegu ya mwaka huu kwa mkono wake, akasema nani amwoshe na nani asimkaribie. Kila aliyemuuliza hali alijibiwa kwa jina la ugonjwa, hata watoto. Kina mama watatu wa hapa walikwenda kupimwa kwa sababu yake, na mmoja wao yuko kwenye matibabu, mapema.

Alifariki jana, Ijumaa tarehe 17 Januari 2025, saa mbili asubuhi, Salwa akiwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa Kibiti, kwenye dirisha la dawa.

Ameacha mtoto mmoja, wajukuu wawili, na mdogo wake mmoja. Agosti nilimwomba radhi. Alisema, "Nimekusamehe, ila uje uisome habari hii mbele ya watu." Nimesoma. Nilidhani nikisoma nitalia.

Ndugu zangu, leo tukishamfukia na kugeuza migongo, atakuja kuulizwa na malaika kaburini. Kule haitwi ndugu pembeni, wala baba mdogo hakai kikao. Ataulizwa Mwanabaraka mwenyewe, na atajibu Mwanabaraka mwenyewe. Mola ampe kauli thabiti.