Mapeasi ya Profesa

Kwenye kona ya soko la zamani, mbele ya mashine ya Baba Hae-rin ya kusaga pilipili, kuna kitanda kipana cha mbao ambacho hakilaliwi na mtu. Kinakaliwa. Watu huvua viatu, wakakunja miguu, wakanywa kahawa tamu ya vikombe vya karatasi kutoka kwenye ile mashine ya ukutani, na kuamua mambo ya Korea nzima kabla jua halijapanda. Huu ulikuwa mwezi wa kumi na moja, kila nyumba inataka pilipili ya kutia kwenye kimchi, kabichi ya kuchachusha ya kuvukia baridi, kwa hiyo kona yote inawasha pua, na anayelia hapo haulizwi kisa. Juu ya barabara, kutoka nguzo hadi nguzo, kulikuwa na bango la kitambaa: HONGERA PYO HAE-RIN, BINTI WA PYO GIL-NAM WA MASHINE YA KUSAGA, KWA KUPATA SHAHADA YA UZAMIVU. Watu wa mtaa ndio waliolitundika mwezi wa nane kwa mchango wao, kama ilivyo desturi mtoto wa kwao anapofika mbali, na mvua zote zilizopita hazikulifanya kitu.

Asubuhi hiyo Baba Hae-rin alikuwa amekaa chini ya bango lake, simu mkononi, kahawa imepoa. Alikuwa amezima mashine, jambo ambalo mwezi wa kumi na moja hulifanya mtu aliyefiwa tu.

– Piga basi, alisema Mkuu wa Kituo. Unaitazama tu, itajipiga yenyewe?

Huyu aliwahi kweli kuwa mkuu wa kituo cha treni. Treni ziliacha kusimama hapa zamani, kituo kikageuzwa ghala la vitunguu, lakini cheo kilibaki na mwenyewe, na sauti ya kutangaza safari haikumtoka.

– Nikipiga nimwambie nini?

– Mwambie ulichomwahidi profesa.

– Alimwahidi nini? aliuliza Mama Saluni. Alikuwa ndiyo kwanza anavuka barabara, amemwacha mteja ndani na dawa ya kukunja nywele kichwani. Jana mlinipa peasi, hamkunipa habari.

Ikabidi Baba Hae-rin aanze upya, na kila alivyoirudia habari hiyo ndivyo ilivyozidi kumkaa vibaya mdomoni.

Binti yake, alisema, alifanya utafiti wa dawa ya vidonda vya watu wenye kisukari. Alifuga panya kwenye maabara huko Seoul, akawalisha, akawaosha, akawatibu, sikukuu ya mavuno ikija anasema hawezi kuwaacha. Utafiti ulipochapishwa, jina la kwanza halikuwa lake. Lilikuwa la mvulana wa sekondari, mtoto wa mwenye hospitali, rafiki wa profesa. La Hae-rin likafuata nyuma. Hae-rin akameza. Akapata shahada yake, na yule mvulana kwa utafiti huohuo akaingia kitivo cha udaktari. Ndipo lile alilolimeza likakataa kukaa tumboni. Kaandika malalamiko chuoni, kwa jina lake mwenyewe, na leo saa nane mchana anaingia mbele ya kamati.

– Kwa hiyo profesa ndiye mwenye kosa, alisema Mama Saluni.

– Ndiye. Lakini jana alikuja hapa, anasema utafiti huo ukichafuka, na shahada ya Hae-rin imejengwa juu yake, basi nayo itaanguka. Na ile kazi ya taasisi aliyoahidiwa, nayo kwaheri. Anasema Hae-rin aseme tu kwamba yule kijana alikuja likizo akamsaidia maabara. Maneno machache, kila mtu anapona.

– Na wewe ukasema?

– Nikasema nitaongea naye.

Mama Saluni alimgeuzia mgongo, akatazama saluni yake. Kwa mtu wa ulimi kama ule, hilo ni tusi zito, na Baba Hae-rin alilielewa.

– Aliinama, alijitetea. Profesa wa Seoul, suti nzima, aliinama hadi nikamwona kisogo. Mtu akikuinamia hivyo unamwambiaje?

– Mimi ninachojiuliza ni hili, alisema Komando. Huyo mtoto wa shule alipata wapi muda wa panya?

Komando alimaliza jeshi la lazima kama wanaume wote wa nchi ile, na alilimaliza jikoni akimenya viazi, lakini ukimsikiliza utadhani ndiye aliyeulinda mpaka peke yake.

– Hilo ni swali la maana, alisema Mkuu wa Kituo. Watoto wa matajiri wanatoka shule wanaingia tuisheni, wanatoka tuisheni wanaingia tuisheni nyingine. Hata kukojoa kuna ratiba. Sikilizeni niwaeleze, mimi nimefanya kazi serikalini. Hii ni kama kumwandikisha mtoto shamba. Kulima halimi, lakini hati ina jina lake. Baba ana hospitali, hospitali inataka mrithi, mrithi anatafutiwa utafiti.

– Na profesa anapata nini?

– Profesa naye ana mtoto, alidakia Mama Saluni. Mtamkuta kwenye utafiti wa mwenye hospitali. Ni kama sisi zamani tulivyokuwa tunapandiana mpunga, leo kwako, kesho kwangu. Ila sisi tulikuwa tunachafuka matope.

– Nyie mko nyuma sana, alisema Komando, akasogea katikati ya kitanda. Siku hizi hawasubiri hata mtoto azaliwe. Kliniki ya wajawazito, mama akipimwa tu, jina linapelekwa chuoni. Miezi mitatu tumboni, utafiti mmoja. Miezi saba, wa pili. Mtoto anatoka anakuta profesa anamsubiri mlangoni na kalamu. Ndiyo maana wanalia.

– Watoto wote wanalia.

– Wa maskini wanalia kwa sababu nyingine.

Hata Baba Hae-rin alicheka, kidogo. Kisha akakumbuka alichoshika mkononi, kicheko kikakauka.

– Kama ni haki, aliendelea Mama Saluni, waliotakiwa kuandikwa ni panya. Wao walikuwepo kila siku.

– Na walitoa damu yao, alisema Komando kwa heshima.

Mkuu wa Kituo alikoroga kahawa yake kwa kidole.

– Mimi mnisamehe, lakini ninamvulia kofia yule binti. Tazameni. Shahada anayo. Bango limetundikwa. Angekaa kimya nani angejua? Sisi hapa tungekufa tunamwita daktari. Anakwenda mwenyewe, kwa miguu yake, kuitia moto shahada yake.

– Mimi hata mteja siwezi kumwambia kwamba staili aliyochagua haimpendezi, alisema Mama Saluni. Namwambia umependeza, anaondoka anatisha watoto. Yule anakwenda kumwambia profesa wake umeiba, mezani, macho kwa macho. Nimemtengeneza nywele tangu anasimama juu ya kigoda, na sikujua kichwa kile kina kitu kama hicho ndani.

– Nilipokuwa jeshini, alianza Komando.

– Jikoni, alisema Mama Saluni.

– Nilipokuwa jeshini jikoni, ofisa mmoja alikuwa anabeba nyama ya kikosi anapeleka kwake. Tulijua wote. Tulikuwa wanaume kikosi kizima, tuna bunduki. Hakuna aliyefungua mdomo.

Baba Hae-rin aliwasikia wanavyomsifu mtoto wake, na kila sifa ilimwingia mara mbili, mara ya kwanza ikimpa kiburi na mara ya pili ikimtia hofu. Wao walikuwa wanasifu shujaa. Yeye alikuwa anaona msichana aliyekula tambi za kopo miaka yake mizuri yote kwenye chumba kisicho na dirisha, na sasa angetoka humo mikono mitupu.

– Rahisi kwenu, alisema hatimaye. Si wa kwenu. Mimi sikusoma. Nilichojua ni kusaga, na nimesaga maisha yote ili yeye asisage. Akirudi hapa aje afanye nini? Ashike gunia? Kijana atakuwa daktari vilevile, profesa atakuwa profesa vilevile, atakayeanguka ni wangu. Maneno machache tu yanaokoa kila kitu.

Alikuwa amesema kweli, na kweli ya mzazi mwenye hofu haina pa kushikia. Mkuu wa Kituo alivuta sanduku lililokuwa katikati ya kitanda, bado limelala juu ya kitambaa chake cha hariri cha waridi, akatoa mojawapo ya mapeasi yaliyobaki, akaanza kulimenya ili mikono iwe na kazi. Yalikuwa mapeasi ya daraja la juu, makubwa kiasi cha kutosha familia, kila moja limevalishwa wavu wake mweupe.

Hapo ndipo alipofika Mama Min-u na mkokoteni wa pilipili kavu. Ni mkwe wa watu wa bonde la juu, aliletwa kutoka Vietnam kuolewa, na ingawa Kikorea chake kilikuwa kimenyooka siku nyingi, watu wa kitandani hapo walizoea kumsemesha polepole na kwa sauti kubwa.

– Mashine imekufa, Baba Hae-rin?

– Imepumzika, mwanangu. Kaa. Kula tunda.

Alikaa pembeni, akapokea kipande kwa mikono miwili, akala, macho yakamfunguka.

– Tamu. Nani kanunua mapeasi ya hivi?

– Profesa, alisema Mkuu wa Kituo, kwa sauti yake ya kutangaza safari. Profesa wa Seoul. Kamletea Baba Hae-rin jana kwa mkono wake mwenyewe.

Mama Min-u alitafuna, akafikiri, akatafuna tena.

– Samahani, mimi mambo ya hapa bado mengine siyajui. Mwaka juzi nilimpelekea mwalimu wa Min-u juisi, kopo moja tu, siku ya joto. Akanirudishia. Akasema sheria hairuhusu, mzazi hawezi kumpa mwalimu kitu. Sasa mwalimu ndiye anaweza kumpa mzazi?

Mkuu wa Kituo alifungua mdomo. Alikuwa mtu wa kujibu maswali; watu walikuwa wakimuuliza treni zilizokwishapita naye akawajibu. Akasema kisheria, kisha akasema kwa kawaida, kisha akafunga mdomo na kukiangalia kisu. Komando alikuwa na peasi shavuni, na hakulitafuna wala hakulitema. Wote walimgeukia Baba Hae-rin, wakaona jinsi shingo yake inavyoiva kutoka kwenye kola kwenda juu.

Tangu azaliwe hakuwahi kuona mwalimu akimbebea mzazi zawadi. Siku zote ilikwenda upande mwingine. Mama yake alikuwa akiwapelekea walimu mayai. Na jana kitu kilipinduka mbele ya macho yake, mlangoni kwake, naye akaona fahari tu, akawaita majirani waje kula.

Alivaa viatu, akavivua tena, akabonyeza simu.

– Umekula? aliuliza.

– Nimekula, Baba.

Alijua hajala. Sauti ile ilikuwa ya mtu aliyesimama kwenye korido.

– Profesa wako alikuja huku jana.

Upande wa pili zilisikika hatua, kisha mlango ukajifunga.

– Alitaka nini?

– Alitaka uwaambie watu kwamba yule kijana alikusaidia kuosha panya.

– Na wewe ulimwambiaje?

– Nilimwambia nitaongea nawe. Sasa ndiyo naongea nawe. Kaseme ilivyokuwa.

– Baba, wataichukua shahada. Bango itabidi lishushwe.

– Bango ni kitambaa. Mama yako atalishona mifuko ya pilipili, kitambaa kizuri kile. Nisikilize. Mimi nilitaka kukupigia nikuzibe mdomo, na hilo linaniuma, na litaniuma. Wewe ninakuogopa kwa jinsi ulivyo. Sijui ujasiri huo umeutoa wapi, kwangu hapana. Na mwambie mwenyekiti wa kamati kwamba alikuja na sanduku la mapeasi, tukala. Mashahidi tupo.

– Tupo? alisema Komando, peasi bado liko shavuni.

– Tupo, alisema Mama Saluni. Weka sauti kubwa. Hae-rin, mwanangu, andika. Gong Mal-ja. Moja nilikula hapa, la pili nikampelekea mjukuu.

Mkuu wa Kituo alijiweka sawa, akafunga kifungo cha juu.

– Cho Byeong-sik. Mawili. Na hili ninalomenya, kama watataka kuliona.

– Nguyen Thi Thuy, alisema Mama Min-u, na wote wakageuka, kwa sababu katika miaka yote hakuna aliyewahi kumuuliza jina. Kipande kimoja. Leo.

Waliobaki wakamtazama Komando.

– Mimi hata sikuyapenda sana, alisema.

– Ulikula matatu.

Alimeza kilichokuwa shavuni. Kutoka kwenye simu Hae-rin alisikika akivuta pumzi, anacheka au analia, baba yake hakuweza kutofautisha na hakuuliza.

– Wajomba na mashangazi, alisema, mnajua majina yenu yataingia kwenye ripoti ya chuo kikuu? Watayasoma maprofesa. Yatabaki humo.

Komando alikaa wima.

– Jina langu? Ndani ya kitabu cha chuo kikuu?

– La kwako linastahili, alisema Mama Saluni. Kazi uliifanya mwenyewe.

– Tak Dong-cheol, alisema Komando kwenye simu, polepole, ili asikosewe. Matatu.