Gari la Shemeji Linamisi

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la kinyozi, kati ya mlango wake na meza yangu ya kushonea viatu. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili, na unatosha watu wanne wenye adabu. Asubuhi ile ya Jumatano chupa ya kahawa ilikuwa imejaa, wateja bado, na sote tulikuwa tumemgeukia Shemeji. Tunamwita hivyo kwa sababu ameoa mtaani kwetu, kwa hiyo kila mtu anajiona ana haki ya kumshauri. Gari lake dogo jeupe lilikuwa mbele yetu, injini inaunguruma kwa kukatakata, boneti inatetemeka kama mtu mwenye homa.

— Imewaka jana nikitoka kazini, alisema Shemeji. Taa ya injini, ile ya njano. Nikiwa tambarare inatulia, nikipanda kilima inapepesa. Na nguvu hakuna. Linamisi.

— Linammisi nani? aliuliza Wakili.

Wakili hajasomea sheria. Aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa kuku aliyeibiwa, na tangu siku hiyo hakubali jambo bila kulihoji.

— Halimmisi mtu, nilimjibu mimi. Silinda moja haichomi mafuta yake. Tatu zinavuta, ya nne inasindikiza.

Shemeji alizima injini. Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, alitakiwa kumpeleka mama mkwe wake hospitali kubwa, mwendo wa saa tatu, na katikati kuna ule mlima wa kona nyingi. Jicho moja la mama lilishakwenda. La pili lilikuwa na ukungu, na siku ya upasuaji wameingoja miezi mitano. Ukiikosa, unarudi nyuma ya foleni.

— Fundi wako anasemaje? nikauliza.

— Yuko msibani mpaka Ijumaa. Wa pili ana magari sita uani, kaniambia nisubiri. Ndiyo nikaona nije kwenu.

— Umefanya vizuri, alisema Mzee Dizeli, akajimiminia kahawa. Endesha. Mimi nimeendesha lori siku nne, silinda nne kati ya sita. Mvumilivu hula mbivu.

Mzee Dizeli alikaa nyuma ya usukani miaka thelathini. Akisema habari ya gari, huwa tunanyamaza kidogo.

— Mbivu gani hapo, mzee? aliuliza Kinyozi.

— Nilifika.

Kinyozi alitoka mlangoni na kitana sikioni.

— Mimi nasema ile taa ni mwongo. Magari ya siku hizi yanadeka. Kama wale wateja wangu, wembe haujagusa, wao washalia. Chukua plasta nyeusi, izibe. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

— Sasa hiyo si ndiyo inasema usizibe? nikamuuliza.

— Inasema ukificha haizai. Na sisi hatutaki izae matatizo mengine.

Shemeji alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. Macho yake yalikuwa kwenye gari.

— Tangi lina mafuta kiasi gani? Wakili akaanza kuhoji.

— Chini ya nusu.

— Basi kesi imekwisha. Debe tupu haliachi kuvuma. Jaza tangi, kelele zitaisha.

— Halivumi, Wakili. Linatetemeka.

— Sawa. Mama mkwe alifika lini?

— Jumatatu.

— Na taa?

— Jumanne.

Wakili alituangalia mmoja mmoja, kama tuko kizimbani.

— Kikulacho ki nguoni mwako. Gari lilishawazoea, wewe na mke wako na mtoto. Sasa limeona sura ngeni, limenuna. Mwonyeshe mama gari, mtambulishe, ashike boneti aseme maneno mawili ya upole. Kesho litapanda mlima lenyewe.

— Gari halina wivu, alisema Mzee Dizeli.

— Si wewe uliyetuambia ulisifia lori la mwenzako mbele ya lako, lako likagoma kuwaka?

Mzee alikunywa kahawa. Hakukana.

— Na basi la abiria je? nikamuuliza Shemeji.

— Nimelifikiria. Lakini pale stendi watu wanasukumana, na mama anaona vivuli tu. Nikimshika mkono mmoja, wa pili unabaki kwa nani?

Ndipo tuliposikia fimbo. Mama mkwe alikuwa amekuja akipapasa ukuta, kanga kichwani, na alikuwa karibu kuliko tulivyodhani. Tukamwamkia.

— Marahaba wanangu. Nimewasikia tangu habari ya plasta.

Shemeji alisimama upesi kumpisha, lakini mama hakukaa.

— Swali langu dogo tu, alisema. Mimi kesho nitakaa nyuma. Mkwe wangu atashika usukani. Kiti cha mbele ni kitupu. Kati yenu, nani anakuja nasi?

Kinyozi akakumbuka ana taulo za kuanika, lakini hakwenda. Mimi niliangalia kiatu nilichokishika, soli yake ilikuwa imeshashonwa.

Mzee Dizeli ndiye aliyeanza.

— Mimi nisingepanda, dada.

— Asubuhi yote umesema aendeshe.

— Nilikuwa nasemea gari. Sikuwa nimeweka watu ndani.

Aliweka kikombe chini.

— Lile lori, siku nne nilifika. Siku ya tano likazima kwenye mteremko. Breki zikawa ngumu kama jiwe. Mdogo wangu alikuwa kando yangu, akaruka. Mpaka leo anatembelea mkongojo. Hiyo huwa siisimulii.

Miaka yote tuliyokaa naye pale, hatukuwahi kuisikia.

— Shemeji, liache gari hapa hapa, alisema. Mpandishe mama basi. Ule mkono wa pili nitaushika mimi.

Alhamisi kabla jua halijatoka waliondoka watatu, mama katikati, Mzee Dizeli amevaa koti lake la safari. Upasuaji ulikwenda salama. Waliporudi kesho yake mchana mama alikuwa na bandeji, na alisema hewa ya hospitali inanuka sabuni, na chakula chao kinanuka zaidi.

Jioni hiyo fundi alitoka msibani akaja kulifungua gari mbele yetu. Koili moja, ile inayopeleka cheche kwenye silinda, ilikuwa imekufa. Petroli isiyochomwa ilikuwa ikishukia kwenye bomba la moshi na kuwakia humo, mpaka chujio la ndani likaanza kuyeyuka. Kisha akafungua mlango, akainua kipande cha mpira sakafuni. Zulia la chini yake, juu tu ya lile bomba, lilikuwa limeungua, doa la kahawia upana wa sahani.

— Hii ni mizunguko ya mjini tu, alisema fundi. Mlimani lingeshika moto.

Shemeji alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya lile doa, akakiacha hapo muda mrefu. Halafu akaja benchini. Tukamsogezea nafasi, tukammiminia kahawa.